Nani Amekaa Upande Wako wa Meza?

Hotuba ya kamati ya vijana na maendeleo, iliyotolewa kwa vijana wa Ndithini baada ya ibada. Tumeichapa jinsi ilivyosemwa, isipokuwa pale tulipofupisha.



Tulipotangaza kwamba leo tutazungumza habari za ngumi, mzee mmoja alituuliza pale mlangoni kama kanisa limeishiwa na mambo ya kusema. Tulimwomba aingie, aketi, asikilize kwanza. Tunamwona ameketi. Mzee, asante kwa kubaki. Na tukumbushane kwamba hata Mtume Paulo alipowaandikia Wakorintho hakuona haya kutaja mchezo wa ngumi.

Wengi wenu mnajua sababu ya kulichagua jambo hili. Mwaka juzi kijana wetu mmoja, ambaye nyinyi akina mama mmembeba mgongoni, alikuwa akifanya kibarua Thika na jioni akifanya mazoezi ya ngumi. Akawa hodari. Akatokea mtu aliyejiita meneja, ana karatasi ya kurasa nne, na kijana alipotakiwa kutia sahihi aliileta karatasi hiyo hapa hapa kanisani ili iombewe. Tukaiweka mbele, tukaiwekea mikono, tukaomba. Tuliomba vizuri sana. Lakini hakuna hata mmoja wetu aliyeisoma.

Kijana akapigana mara tatu, mara mbili nje ya nchi, na pesa alizorudi nazo hazikutosha kununua mabati ya nyumba ya mama yake. Karatasi iliposomwa, baada ya mambo kuharibika, tukakuta kwamba kila kitu tangu nauli hadi glavu kilikuwa kikikatwa kwenye malipo yake, na kwamba amejifunga kwa miaka mitano. Ametupa ruhusa tuyaseme haya bila kulitaja jina lake. Yule mtu naye hatutamtaja, hatukuja hapa kumshtaki. Kama kuna wa kushtakiwa leo ni sisi, tuliofumba macho kwa maombi wakati macho yalitakiwa kuwa wazi.

Basi kamati ikasema: hebu tujifunze. Meneja wa ngumi ni mtu wa namna gani? Kazi yake ni ipi, na anakula kutoka wapi? Tumesoma, tumeuliza watu waliopigana zamani, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Kwanza tutenganishe watu, maana wengi wetu tulidhani ni mtu mmoja. Yuko promota: huyu ndiye anayekodi ukumbi, anauza tikiti, anazungumza na televisheni, na ndiye mwenye pesa zitakazolipwa. Yuko mwalimu, au kocha, anayekufundisha kila siku na kukufuta damu kwenye kona. Yuko anayepanga nani apigane na nani. Halafu yuko meneja. Meneja hana ukumbi wala glavu. Kazi yake ni kukusemea wewe: kukutafutia pambano linalokufaa, kukataa lisilokufaa, kubishana na promota juu ya malipo yako, na kuhakikisha umelipwa. Kwa ufupi, promota yuko upande mmoja wa meza, wewe na meneja wako mko upande wa pili. Shikeni picha hiyo ya meza, tutairudia.

Sasa tuwape habari za mmoja wao, meneja aliyejulikana dunia nzima, na ambaye maisha yake yaligusana na ndugu zetu wa Uganda. Jina lake alilojulikana nalo ni Mickey Duff. Tunasema alilojulikana nalo kwa sababu silo alilopewa na wazazi. Alizaliwa mwaka 1929 kule Poland, Myahudi, jina lake Monek Prager, na baba yake alikuwa rabi, yaani mwalimu wa dini. Familia ikakimbilia Uingereza kabla ya Vita Kuu ya Pili kuanza. Wale waliobaki Poland mnajua yaliyowapata.

Huyu mtoto wa mkimbizi alikulia London, mashariki ya mji, walikokaa maskini. Akaanza kupigana kwa pesa akiwa na miaka 15, kabla ya umri unaoruhusiwa. Mtoto wa rabi kupigana ngumi! Ili nyumbani wasijue, akaliacha jina la Prager akajiita Duff, jina aliloliokota kwenye filamu ya James Cagney. Kabla ya kufikisha miaka 20 alikuwa ameshaacha kupigana. Inaonekana alijipima mwenyewe akaona kwamba kichwa chake kinaweza kumlisha kuliko mikono. Sisi tunaona hiyo ndiyo akili ya kwanza aliyoionyesha, na mabondia wengi wakubwa hawakuwahi kuwa nayo.

Akawa mpangaji wa mapambano. Kazi hii msidhani ni ndogo. Kijana akiwa na mapambano matatu, huwezi kumpa mtu mwenye thelathini, utamvunja. Ukimpa kila siku watu wa kuanguka tu, hatajifunza, na siku atakapokutana na mtu kamili ataaibika. Ni kama kumfundisha ndama kulima: kuna siku ya kumfunga nira bila jembe, na kuna siku ya jembe. Duff aliijua kazi hiyo kuliko wengi. Alikuwa na kumbukumbu ya ajabu ya mabondia na mapambano yao. Alikuwa pia mpenda kamari, hilo hatulifichi wala hatulisifu.

Kufika miaka ya 1970, Duff pamoja na wenzake Jarvis Astaire, Harry Levene, Mike Barrett na Terry Lawless walikuwa wameshika ngumi za Uingereza mkononi. Kumbi kubwa za London, Wembley na Royal Albert Hall, zilikuwa zao, na televisheni ilikuwa nao. Mabingwa wengi wa dunia walipitia mikononi mwa kundi hilo: Jim Watt, Maurice Hope, Alan Minter, Charlie Magri, Lloyd Honeyghan. Na ndipo tunapoingia sisi watu wa Afrika Mashariki.

Mkumbuke hali ilivyokuwa. Uganda ilikuwa chini ya Idi Amin tangu 1971 hadi 1979. Mabondia wa Kampala walikuwa kati ya bora duniani, lakini mwaka 1976 nchi nyingi za Afrika, Uganda na Kenya zikiwemo, ziligomea michezo ya Olimpiki ya Montreal. Kijana aliyejitayarisha miaka minne akaambiwa arudi nyumbani. Afanye nini? Wengi wakaenda Ulaya kupigania pesa, bila baba, bila wakili, na Kiingereza chenyewe cha kuungaunga.

Mmoja alikuwa Cornelius Bbosa wa Kampala. Alikwenda Uingereza na Mwingereza mmoja, Jack Edwards, aliyemlea kama mwanawe, na kijana akachukua jina lake akawa Cornelius Boza-Edwards. Baadaye Duff akaisimamia kazi yake. Machi 8, 1981, kule Stockton, California, Boza-Edwards alipigana raundi 15 na Rafael Limón wa Mexico, akatwaa mkanda wa dunia wa WBC. Mei mwaka huo huo akamshinda Bobby Chacon, pambano la kutisha. Agosti akapigana tena, huko Italia, na Rolando Navarrete wa Ufilipino, akaangushwa raundi ya 5, mkanda ukaenda. Hesabuni: Machi, Mei, Agosti. Miezi sita haikutimia. Mtu aliyetoka kwenye raundi 15, kisha 13, anarudi tena ulingoni. Hatuwezi kujua nani alitaka hivyo, bondia mwenyewe au waliomzunguka. Lakini hapo ndipo meneja anapopimwa, maana pesa zikiitana ni yeye anayetakiwa kusema, huyu kijana bado anapumzika.

Wa pili ndiye aliyejulikana zaidi, John Mugabi. Huyu alipata medali ya fedha kwenye Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Akaingia ngumi za kulipwa mwisho wa mwaka huo, akawa chini ya Duff, kwanza London kisha Marekani. Wakamwita Mnyama. Jina baya, sisi hatulipendi, lakini ndilo lililouza tikiti. Na kwa kweli alipiga! Kila mtu aliyesimama mbele yake alianguka au alisimamishwa, zaidi ya ishirini, hakuna aliyefika naye mwisho.

Kisha likaja pambano kubwa. Machi 10, 1986, Las Vegas, Mugabi akapigana na Marvin Hagler, bingwa wa uzani wa kati. Sasa sikilizeni vizuri. Mugabi hakuwa wa uzani ule. Yeye alikuwa wa uzani wa chini yake, kilo kama 70, naye Hagler alikuwa wa kilo 72 na nusu. Mtasema kilo mbili ni nini? Kwenye ngumi kilo mbili na nusu ni ukuta. Isitoshe pambano lilikuwa lipigwe Novemba 1985, likaahirishwa kwa sababu Hagler aliumia, kwa hivyo Mugabi akakaa miezi mingi akingoja. Usiku ule alipigana kiume. Waliokuwepo wanasema hawajaona Hagler akipigwa vile. Raundi ya 11 Mugabi akaanguka, akahesabiwa.

Je, meneja wake alifanya vibaya? Katika kamati tulibishana jambo hili jioni nzima hadi chai ikapoa. Wengine walisema: Duff alimpatia mvulana wa Kampala pambano la pesa nyingi kuliko yote maishani mwake, na hiyo ndiyo kazi ya meneja. Wengine wakasema: angengoja, angempatia kwanza mkanda wa uzani wake mwenyewe, ambao ulikuwa karibu, kisha ndiyo ampandishe. Tunaegemea hawa wa pili, lakini tunakiri ni rahisi kusema hivyo ukiwa Ndithini na matokeo unayajua.

Desemba mwaka huo huo alipewa nafasi ya mkanda wa uzani wake, lakini kidole gumba cha Duane Thomas kilimwumiza jicho, pambano likaisha raundi ya 3. Mkanda aliupata Julai 1989 kule Ufaransa, alipopigana na René Jacquot, ambaye aliteguka kifundo cha mguu katika raundi ya kwanza. Hiyo nayo ni njia ya ajabu ya kuwa bingwa wa dunia. Machi 1990 Terry Norris akamwangusha raundi ya kwanza. Mwaka 1991 Gerald McClellan naye raundi ya kwanza. Baadaye Mugabi akahamia Australia, na aliendelea kupigana hadi 1999, miaka 13 baada ya usiku wa Hagler. Jiulizeni kwa nini mtu wa miaka 38 bado anapanda ulingoni.

Turudi kwa meza yetu. Tumesema meneja akae upande wako. Lakini hawa watu wa London walikuwa wakifanya kazi zote pamoja. Mmoja wao ni promota, mwenzake ni meneja wa bondia anayepigana usiku huo, na mwingine ndiye anayezungumza na televisheni. Walikuwa na makubaliano ya kugawana faida, na mambo hayo yalipotoka magazetini watu wakashangaa sana. Duff na wenzake walijitetea kwamba wametajirisha mabondia na kuwapa mikanda, na ni kweli mabingwa walipatikana. Lakini hebu tulete jambo hili nyumbani. Una fahali wako. Unampa dalali akuuzie sokoni. Dalali anakuja na mchinjaji, wanabishana bei mbele yako kwa sauti kubwa, hata wanatukanana, na mwisho unapewa pesa. Jioni unawakuta kwenye hoteli moja wakila nyama sahani moja, na unaambiwa wale ni washirika wa bucha. Labda bei ilikuwa nzuri. Labda. Lakini utalala usingizi?

Wamarekani waliliona hilo wakatunga sheria mwaka 2000, wakaipa jina la Muhammad Ali. Sheria hiyo inamkataza promota kuwa na faida katika kazi ya meneja, na meneja kuwa na faida katika kazi ya promota, katika mapambano makubwa. Inamlazimu pia promota kumwonyesha bondia pesa anazopata na anazokata. Ilichukua miaka mingi sana na machozi ya watu wengi kufika hapo.

Mickey Duff mwenyewe alipofika uzeeni aliona mabondia wakimwacha. Honeyghan walikorofishana naye waziwazi, hata akiwa bingwa wake. Frank Bruno alipotwaa mkanda wa uzani wa juu mwaka 1995 alikuwa tayari yuko na promota mwingine, Frank Warren. Duff akaingizwa katika jumba la heshima la ngumi kule Marekani mwaka 1999, akafariki Machi 2014 akiwa na miaka 84. Hatukumleta hapa kama mfano wa kuigwa wala kama shetani. Alikuwa mtoto wa mkimbizi aliyeijua kazi yake, akapata, na watu aliowasimamia wakapata pia, wengine zaidi, wengine kidogo kuliko walivyostahili.

Mtasema hayo ni ya Waganda. Basi tuje kwetu. Stephen Muchoki wa Kenya alishinda dhahabu ya Jumuiya ya Madola mwaka 1974 na tena 1978, na mwaka huo wa 1978 akawa bingwa wa dunia wa ridhaa kule Belgrade, uzani mwepesi kabisa. Olimpiki hakuipata. Kenya iligoma 1976, ikagoma tena 1980. Akaenda Denmark kwa Mogens Palle, ambaye tayari alikuwa amemsimamia Mganda Ayub Kalule hadi akawa bingwa wa dunia Oktoba 1979 kule Japan. Palle alikuwa promota na meneja pia, vyote viwili. Novemba 5, 1982, mjini Copenhagen, Muchoki alipigania mkanda wa dunia na Santos Laciar wa Argentina, akasimamishwa raundi ya 13.

Kabla yake alikuwepo Philip Waruinge, medali ya shaba Mexico 1968, ya fedha Munich 1972. Yeye alikwenda Japan, na huko akapigana kwa jina la Waruinge Nakayama. Mwaka 1976 alipigania mikanda ya dunia mara mbili, Panama na Mexico, na mara zote mbili akapoteza ugenini. Sisi tuliposoma hayo tulinyamaza kidogo. Bbosa akawa Edwards, Waruinge akawa Nakayama, hata yule meneja Prager akawa Duff. Inaonekana ni biashara ambayo mtu akiingia huombwa kwanza aache jina mlangoni.

Na Robert Wangila. Wazee mnakumbuka furaha ya mwaka 1988, Seoul, alipomwangusha Mfaransa Laurent Boudouani raundi ya pili akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kutwaa dhahabu ya ngumi kwenye Olimpiki. Nchi nzima ilicheza. Akaenda Marekani kupigania pesa. Julai 22, 1994, Las Vegas, alipigana na David Gonzalez. Raundi ya 9 refa akalisimamisha pambano, na Wangila akalalamika kwamba anaweza kuendelea. Akaingia chumba cha kubadilishia nguo, akapoteza fahamu, na baada ya siku mbili akafariki. Alikuwa na miaka 26.

Hatusemi kwamba mtu fulani alimuua. Tunasema hivi: bondia karibu wote watakwambia wanaweza kuendelea. Ndiyo moyo wao, ndiyo uliowafikisha hapo. Kwa hivyo ni lazima awepo mtu mwingine, mwenye taulo mkononi, ambaye hapati hasara akilirusha. Ukichagua meneja, mwulize swali hilo moja: nikipigwa, wewe unapoteza nini ukisimamisha?

Na wasichana msisinzie. Conjestina Achieng wa Siaya alipata mkanda wa kimataifa mwaka 2004, na Fatuma Zarika akatwaa mkanda wa WBC kule Marekani mwaka 2016. Karatasi hizi zitawafikia nanyi.

Sasa hesabu, na hapa tunaomba mtoe kalamu. Tuseme umeahidiwa shilingi 100,000 kwa pambano. Mashangwe nyumbani! Uingereza meneja huruhusiwa kuchukua hadi asilimia 25. Marekani, majimbo mengi, anaweza kufika theluthi moja. Tuchukue theluthi: 33,333 zimeondoka. Mwalimu kwa kawaida asilimia 10: 10,000 zimeondoka. Umebaki na 56,667. Bado kodi ya serikali. Kisha tunaingia kwenye maandishi madogo: nauli, chakula cha mazoezini, watu wa kufanya nao mazoezi, daktari, viza. Nani analipa? Kama karatasi haisemi, jua ni wewe. Kama karatasi inasema meneja amekukopesha, jua ni wewe pia. Na angalia sana kama theluthi inahesabiwa kabla ya kutoa gharama au baada yake. Kijana wetu ilihesabiwa kabla. Kwa hivyo meneja alichukua sehemu yake kwenye pesa zote, halafu gharama zote zikaangukia sehemu ya kijana.

Jambo lingine ni muda. Miaka miwili, mitatu, hayo yanazungumzika. Lakini kuna kifungu kinachosema ukiwa bingwa mkataba unajiongeza wenyewe. Maana yake ukishindwa uko huru, ukishinda umefungwa. Tazameni pia mkataba unasema kesi iamuliwe nchi gani. Kama ni ng'ambo, wewe wa Ndithini utapata wapi nauli ya kwenda kushtaki? Na kama hujafika miaka 18, sheria ya Kenya haikuhesabu mtu mzima, kwa hivyo mtu anayekuharakisha utie sahihi kabla mzazi hajaona, ameshakuonyesha yeye ni nani. Ngumi za kulipwa katika nchi hii zina tume yake ya kuzisimamia. Waulizeni kama wanamjua mtu huyo kabla hamjala chai yake.

Hapa kwetu tunajua kusimamiana. Kwenye mwethya, tukichimba matuta, anayeandika nani amekuja na nani hakuja si mwenye shamba, ni mtu mwingine tuliyemchagua sisi. Wazee wetu hawakusoma sheria ya Marekani, lakini walijua mwenye faida hashiki daftari.

Kwa hivyo kamati imeamua hivi. Kila Jumatano kuanzia saa nane mchana, ofisi ya kanisa itakuwa wazi kwa yeyote mwenye mkataba, na siyo wa ngumi peke yake. Wa mpira, wa kuimba, wa kazi ya nyumbani Uarabuni, wa kukodisha shamba. Mwalimu wetu mstaafu atausoma pamoja nawe neno kwa neno, kwa Kikamba kama unataka, na pale panapotushinda tutautuma kwa wakili Machakos. Hakuna malipo. Tutaomba, naam, lakini baada ya kusoma.

Maswali yalikuwa mengi, mengine tutayachapa toleo lijalo. Mzee wetu wa mlangoni aliuliza kama tumbaku ya mkataba wa shamba lake inahesabiwa, akaambiwa alete. Wa mwisho kuuliza alikuwa mama wa yule kijana. Alisimama pole pole, akauliza kama ile karatasi ya kwanza inaweza kuvunjwa, na kama haiwezi, imebakiza muda gani. Tulimjibu kwamba wakili ameiona, na ameandika barua ya kudai hesabu ya mapambano yote matatu, lakini jibu halijaja. Muda uliobaki ni miaka mitatu na miezi minne. Kijana amerudi kibarua Thika, na kwa sasa hapigani.